Mlango wa Hema Lako



Yako maradhi yasiyoandikwa katika daftari la zahanati yo yote, wala hayana sindano, nayo yameingia katika nyumba nyingi za Wakristu kimyakimya kama mchwa aingiavyo katika mlango wa mbao. Jina lake ni kunung'unika. Mwenye maradhi haya haumwi kichwa wala tumbo. Ale, anywe, asafiri, apewe, asaidiwe, daima atatafuta kasoro. Na akiikosa ya leo ataikumbuka ya jana. Ajabu yenyewe ni kwamba maradhi haya hayawashiki sana watu wasiojali. Huwashika zaidi wale wapendao. Mshabiki wa mpira ndiye ailaumuye timu yake kuliko mtu asiyejua hata rangi ya jezi zake. Mwanakwaya wa zamani ndiye asemaye kila Dominika kuwa kwaya imeharibika. Mwamini aipendaye parokia yake tangu ubatizo ndiye atokaye Misani akihesabu makosa ya padre, ya katekista, na ya vipaza sauti. Upendo wao si wa uongo. Lakini upendo huo umeacha kushukuru, umeanza kudai. Na upendo udaio bila kushukuru huharibika kama maziwa yaliyosahauliwa juani.

Wiki hii twataka kulinena neno hili tukitazama upande wa Mara, katika wilaya za Tarime na Serengeti. Twachagua huko kwa sababu mambo mawili yamekaa jirani, kama nyumba mbili zilizotengwa na ua mmoja: manung'uniko ya watu waliopewa mengi, na kilio cha watu wenye haki ya kulia. Asiyejua kuyapambanua haya mawili hataweza kuwatendea jirani zake haki, hata akisali Rozari kila jioni.

Kila mtoto wa shule nchini mwetu amesikia habari za Serengeti. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliundwa mwaka 1951. Eneo lake ni kilomita za mraba 14,763, na mwaka 1981 UNESCO iliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Humo nyumbu zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia na swala kwa maelfu na maelfu, huzunguka mwaka mzima wakifuata mvua na majani mabichi. Huzaa upande wa kusini katika miezi ya mwanzo wa mwaka, kisha huelekea magharibi na kaskazini; na kati ya Julai na Oktoba makundi makubwa hufika kwenye Mto Mara, huko Kogatende na Lamai, si mbali na vijiji vya Tarime. Mto huo hutoka katika milima ya Mau nchini Kenya, hupita hifadhini, ukaendelea kati ya Tarime na Serengeti mpaka kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Hapo nyumbu huvuka, na mamba huwangoja majini. Hakuna mwanadamu aliyewafundisha nyumbu njia hiyo, wala hakuna tajiri aliyeijenga.

Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa huo huo wa Mara, alitangaza katika Ilani ya Arusha ya mwezi Septemba 1961 kwamba wanyama wa nchi yetu ni amana, na kwamba twawajibika kuitunza kwa ajili ya wajukuu wa watoto wetu. Sisi wenye imani twaongeza neno moja tu: amana ina mwenyewe. Mwandishi wa Zaburi ya 104 aliwaona punda-mwitu wakikata kiu mabondeni, akawasikia simba wakiunguruma usiku kama watu wamwombao Mungu chakula chao, naye akaishia katika sifa. Hakuandika kwamba simba walichelewa.

Sasa tuwatazame wageni wa nyumba hii ya Mungu. Mtu amejiwekea akiba miaka mingi, amesafiri mbali, amefika asubuhi ya kwanza, akamwona simba amelala chini ya mti. Badala ya kustaajabu, yuanung'unika: mbona amelala tu? Wa pili ameketi ukingoni mwa Mto Mara tangu alfajiri. Nyumbu wamekuja, wamenusa maji, wamerudi nyuma. Ameudhika kana kwamba nyumbu walitia sahihi mkataba naye wakauvunja. Wa tatu amewaona wakivuka, lakini yeye asema kuwa mwaka ule mwingine walivuka wengi zaidi. Wa nne hajambo na wanyama. Shida yake ni vumbi, na chai, na bei ya soda. Jioni wakikaa pamoja kuota moto, wapenzi hawa wa Serengeti hawasimuliani waliyoyaona. Husimuliana waliyoyakosa.

Na upendo wa namna hii haukomi katika maneno. Mwezi Julai 2025 zilienea duniani kote picha za watalii walioshuka katika magari yao kwenye ukingo wa Mto Mara, ndani ya Serengeti, wakasogea mbele ili waone vizuri, hata nyumbu waliokuwa wakijaribu kuvuka wakazibiwa njia. Watazameni watu hao. Wamelipa fedha nyingi na kutoka mbali kwa ajili ya jambo moja, nao wakawa kizuizi cha jambo lile lile. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mtu aliyeacha kupokea zawadi kama zawadi. Huishika kwa mikono miwili mpaka akaivunja.

Tusidhani kuwa haya ni ya wageni watokao ng'ambo peke yao. Tangu ilipoonyeshwa filamu ya Royal Tour mwaka 2022, Watanzania wengi wamehimizwa kuzitembelea hifadhi zao wenyewe, na hilo ni jambo jema sana. Shule huenda, vyama vya kitume huenda, familia hukodi gari zikaenda. Lakini mara ngapi safari hizo hurudi na mfuko wa manung'uniko kuliko mfuko wa picha! Kiti kilibana, dereva alikimbia, chui hakuonekana, chakula kilipoa. Na kule nyuma ya gari ameketi mtoto wa miaka minane, ambaye asubuhi alimwona twiga kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akanyamaza kwa mshangao. Mtoto huyo yuawasikiliza wakubwa. Hadi jioni atakuwa amejifunza kwamba mtu mzima ni yule ajuaye kasoro za kila kitu, na kwamba kushangaa ni utoto. Wahenga wamesema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wazazi wapenzi, mlimpeleka mtoto kuona kazi ya Mungu, mkamrudisha amejifunza kazi ya shetani. Kwa maana shetani naye alianza na wazazi wetu wa kwanza kwa kuwaonyesha mti mmoja walionyimwa katika bustani nzima waliyopewa.

Maandiko Matakatifu yametuchorea sura ya maradhi haya kwa uangalifu mkubwa. Soma sura ya 11 ya kitabu cha Hesabu. Waisraeli wametolewa utumwani, wamevushwa katika bahari, kila asubuhi wapata mana bila kulima wala kupalilia. Ndipo wachache waliofuatana nao wakaanza kutamani nyama. Wachache hao wakaambukiza wengine. Mara taifa zima likakumbuka samaki wa Misri, na matango, na matikiti, na vitunguu. Lakini hakuna aliyekumbuka mijeledi ya Misri, wala watoto wa kiume waliotupwa mtoni. Ndiyo desturi ya manung'uniko: huifanya kumbukumbu kuwa ya uongo. Jana huonekana asali, leo huonekana shubiri.

Tena Maandiko yataja jambo dogo ambalo wengi hulipita wakisoma. Musa aliwasikia watu wakilia, familia kwa familia, kila mtu mlangoni pa hema lake. Tusimame hapo kidogo. Hawakwenda kwa Musa. Hawakwenda kwenye Hema la Mkutano, ambako neno la taifa hupelekwa mbele ya Mungu. Kila mmoja alisimama kwake, akalia kwa sauti ya kutosha kusikiwa na jirani, na jirani naye akaitika kutoka kwake, mpaka kambi yote ikawa kilio kimoja kisichoelekezwa kwa mtu ye yote. Matokeo yake ni nini? Musa, mtu mpole kuliko watu wote, alichoka hata akamwomba Mungu afadhali amwue. Manung'uniko ya mahemani humwua kiongozi mwema kabla ya kumgusa kiongozi mbaya, kwa sababu kiongozi mbaya hana masikio. Ni wangapi katika parokia zetu, wenyeviti wa jumuiya ndogondogo, makatekista, walezi wa watoto, watunza fedha waaminifu, walioiacha kazi ya Bwana, si kwa uvivu, bali kwa sababu ya minong'ono isiyosimama mbele yao wapate kuijibu?

Hapa najua mtu ataruka na kusema: je, gazeti la Kanisa lataka watu wanyamaze? Je, maskini asilalamike?

La hasha. Na mtu akilitumia neno letu hili kumnyamazisha maskini, ametuibia maneno na kuyageuza kinyume.

Rudini katika zile wilaya mbili. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, tembo akiingia shambani usiku, mahindi na mihogo ya msimu mzima yaweza kuisha kabla ya jogoo kuwika. Mwenye shamba hilo ana ada za watoto za kulipa, na chakula cha miezi kadhaa kimekanyagwa mbele ya macho yake. Serikali ya nchi yetu imeweka kanuni za malipo ya namna hii, na majina ya malipo hayo yamejaa huruma: kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mali, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa na kwa wafiwa. Jina lenyewe lakiri kuwa si fidia kamili. Ni leso tu ya kufutia uso. Basi mkulima aliyetoa taarifa kijijini, akamwita ofisa wa wanyamapori, akaonyesha hasara yake, kisha akangoja miezi mingi bila jibu, mtu huyo akisema kuwa leso imechelewa na machozi yamekwisha kukauka, hanung'uniki. Adai haki. Na Mkristu aliyeshiba, aliyekwenda Serengeti kwa gari la fahari akalalamikia soda, hana ruhusa mbele ya Mungu kumwambia mkulima huyo ashukuru kwa kila jambo, kisha aondoke zake.

Sasa kupambanua kwenyewe kukoje? Kitabu kile kile cha Hesabu chatufundisha. Katika sura ya 27 twasoma habari za mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, na kwa desturi ya wakati ule jina lake na fungu lake la ardhi vingepotea. Mabinti hao walikuwa na sababu ya kulia kuliko wale waliokumbuka matango. Lakini angalieni walisimama wapi. Hawakusimama mlangoni pa hema lao. Walikwenda wakasimama mlangoni pa Hema la Mkutano, mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote. Wakaeleza jambo lao kwa maneno machache. Wakasema nini wanachokiomba. Na Mungu mwenyewe akamjibu Musa kwamba mabinti hao wamesema kweli, wapewe urithi. Wanawake watano wasio na baba wala kaka waliibadili sheria ya taifa.

Mlango na mlango, wapenzi. Watu wale wale, jangwa lile lile, Mungu yule yule. Waliolia mlangoni pa mahema yao walipewa nyama, lakini nyama hiyo ikawatokea puani, na mahali pale pakaitwa makaburi ya tamaa. Waliokwenda mlangoni pa Hema la Mkutano walipewa urithi wao na wa wanawake waliowafuata. Tofauti yao ni hizi tatu. Kwanza, mnung'unikaji humwambia kila mtu isipokuwa yule awezaye kutengeneza. Mwenye haki humtafuta huyo mmoja. Pili, mnung'unikaji hajui ashibishwe na nini, hata ukimpa atataka kingine. Mwenye haki ataja anachokiomba, akipewa hutulia. Tatu, mnung'unikaji hulia kwa ajili ya nafsi yake, na kilio chake huwapunguzia wengine nguvu. Mwenye haki akishinda, wengine hupita katika njia aliyoifungua.

Mabinti wa Selofehadi wana wadogo zao huko Tarime. Ifikapo mwezi wa Desemba, hasa katika miaka ambayo koo hufanya sherehe za ukeketaji, wako wasichana wanaoondoka makwao wakatembea gizani kutafuta mahali pa usalama. Sheria ya nchi tangu mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo sheria iliyoandikwa Dar es Salaam haiwezi kumshika mkono msichana usiku kule kijijini. Hushikwa mkono na masista na walezi wa kituo cha Masanga wilayani Tarime, na na watumishi wa nyumba salama ya Mugumu wilayani Serengeti. Msichana huyo angeweza kukaa mlangoni pa nyumba yao akalia mpaka asubuhi, na shangazi zake wakalia naye, kisha yakatendeka yale yale. Aliinuka akaenda mlangoni pa watu watakaomsikia, akasema kwa kinywa chake: sitaki. Neno moja, lililopelekwa mahali pake. Sauti ya namna hiyo Kanisa haliwezi kamwe kuiita manung'uniko. Ni sauti ya mwana wa Mungu.

Hapa ndipo ubaya wa kunung'unika unapoonekana wote. Twazoea kusema kuwa mnung'unikaji hujiharibia furaha yake mwenyewe, na hiyo ni kweli. Lakini afanya jambo baya zaidi: humwibia mwenye haki masikio ya watu. Wahenga wamesema kuwa kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Pale ambapo kila mtu hulalamika kwa kila jambo, asubuhi na jioni, wakubwa huzoea. Kelele zote huwa kelele za chura. Ofisa aliyelalamikiwa juu ya vumbi, na juu ya jua, na juu ya simba aliyelala, hatanyanyua uso mkulima atakapoingia na habari ya tembo. Padre aliyeambiwa kila Dominika kuwa mahubiri ni marefu au mafupi, kwaya ina kelele au imezubaa, atachelewa kusikia siku mjane atakapokuja kusema kuwa amenyang'anywa kiwanja. Kila manung'uniko yasiyo na sababu ni jiwe linalowekwa juu ya kinywa cha mtu mwenye sababu. Ndugu msomaji, hukulifikiri hilo ulipokuwa ukilalamikia chai.

Kwa upande mwingine, yatupasa kusema neno kwa wenye madaraka, na sisi mapadre tumo. Mtakatifu Benedikto, baba wa wamonaki, katika Kanuni yake aliyoiandika katika karne ya 6, alikataza manung'uniko kwa ukali kuliko makosa mengi mengine, kwa kuwa aliyaona yakibomoa monasteri kutoka ndani. Lakini mtakatifu huyo alikuwa na busara. Katika sura ya 41, aongeapo juu ya saa za kula na kazi za shambani wakati wa joto, amwagiza abati kupanga mambo yote kwa kiasi, ili ndugu wafanye kazi zao bila kuwa na sababu ya haki ya kunung'unika. Tazameni: mtunga Kanuni akiri kwamba iko sababu ya haki, na mzigo wa kuiondoa ameuweka juu ya mkubwa. Ndivyo walivyofanya Mitume katika sura ya 6 ya Matendo. Waamini wenye kusema Kiyunani walinung'unika kwa kuwa wajane wao walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwakemea kwa kukosa shukrani. Waliita mkutano, wakachagua watu saba wenye Roho na hekima, na kazi ikatengenezwa. Kiongozi afungaye mlango wa Hema la Mkutano asishangae akisikia vilio katika kila hema. Yeye ndiye aliyewarudisha watu huko.

Mwalimu Nyerere aliliona hilo hata katika mambo ya siasa. Mwaka 1962 alitoa kijitabu kidogo, Tujisahihishe, akiwataka wanachama wa TANU waseme ukweli na kusahihishana wazi badala ya kuongozwa na ubinafsi. Chama chaweza kukifanya hicho kwa ajili ya nchi ya dunia hii. Je, sisi tulio mwili mmoja katika Kristu tutashindwa kukifanya kwa ajili ya Ufalme wa mbinguni?

Basi tufanyeje nyumbani? Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki dunia mwezi Aprili 2025, mnamo mwaka 2017 alibandika katika mlango wa chumba chake, huko Santa Marta katika Vatikano, kibao cha Kiitaliano chenye kukataza watu kulalamika. Wengi walicheka, naye alikuwa mtu wa kucheka. Lakini Papa huyo huyo alifundisha kwamba kumlilia Mungu katika mateso ni sala. Ayubu alilia, Yeremia alilia, na Bwana wetu msalabani alilia kwa sauti kuu. Wote walimlilia Mungu usoni pake, hawakumsengenya nyuma yake. Hatuwaagizi ninyi kubandika vibao. Twawapa mashauri matatu, ambayo hayagharimu hata senti moja.

La kwanza: kabla ya kutaja kasoro, taja zawadi. Katika sala ya jioni ya familia, kabla ya maombi, kila mmoja na ataje jambo moja alilolipokea siku hiyo, na aanze mtoto mdogo kuliko wote, kwa kuwa yeye bado ana macho mazima. Baba aanzaye kwa kutaja ugali wa leo hatapata nafasi ya kuulaumu. La pili: ukiwa na neno la haki juu ya mtu, mwendee. Bwana wetu, katika sura ya 18 ya Mathayo, ametupangia njia: kwanza ninyi wawili peke yenu, halafu pamoja na mashahidi, na mwisho mbele ya Kanisa. Ukiona neno lako huwezi kumpelekea mwenyewe, jiulize kama kweli ni la haki. La tatu: ukienda kulalamika, nenda na mikono. Asemaye kuwa kwaya imeharibika na afike mazoezini Alhamisi. Asemaye kuwa kanisa ni chafu na aje na ufagio. Asemaye kuwa wakulima wa mpakani wamesahauliwa, na aandike barua, asimame nao, ashuhudie pamoja nao. Lalamiko lenye mikono halikai katika hema lake kwa muda mrefu.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo madogo, na kwamba nchi ina shida kubwa zaidi. Sisi twaona vingine. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliwakumbusha kuwa walionung'unika jangwani waliangamia humo humo jangwani, nao walikuwa wamekwisha kuvuka bahari. Hawakushindwa na Farao. Walishindwa na ndimi zao, hali nchi ya ahadi imekaribia. Familia yaweza kuvuka njaa, maradhi na umaskini, kisha ikaja kuangukia hapo, mezani, katika maneno ya kila siku.

Neno Ekaristi, kwa lugha ya Kiyunani, maana yake ni shukrani. Kila Dominika twaingia kanisani kuadhimisha Shukrani kuu, iliyotolewa na Bwana wetu usiku ule aliposalitiwa, alipokuwa na sababu ya kulalamika kuliko mtu ye yote. Alitwaa mkate, akashukuru. Dominika ijayo, tutokapo mlangoni pa kanisa baada ya baraka, maneno yetu ya kwanza pale uani yawe ya watu waliotoka kushukuru. Na kama yuko miongoni mwetu mwenye kilio cha haki, asirudi nacho nyumbani. Mlango wa sakristia uko wazi. Na aingie aseme, na sisi tuliomo ndani tunyamaze tumsikilize.